Wanafunzi wa saikolojia wafundishwe kupima kabla ya kukokotoa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalovihusu vyuo vinavyofundisha saikolojia na ushauri nasaha hapa Kanda ya Ziwa. Somo la mbinu za utafiti wa kitakwimu huanzia kwenye kompyuta, wakati lingepaswa kuanzia kwenye swali. Nasema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe nilifundishwa hivyo.

Miaka michache iliyopita nilikuwa mdodosaji katika utafiti kuhusu sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kubwa isiyoisha, miongoni mwa watu wa mialoni, kule samaki wanakoshushwa ufukweni. Tulitumia PHQ-9, dodoso lenye asili ya Marekani lililotafsiriwa kwa Kiswahili, ambalo lina maswali tisa kuhusu hali ya mtu katika wiki mbili zilizopita. Kila jibu hupewa alama 0 hadi 3 kadiri hali hiyo inavyojirudia, jumla haizidi 27, na kwa kawaida anayefikisha 10 huonekana kuwa anahitaji kuchunguzwa zaidi. Ni kipimo kifupi na kizuri, wala sikilaumu. Lakini nilipofika swali la tatu, la usingizi, mvuvi mmoja aliyekuwa akishona nyavu pale Mwaloni Kirumba alicheka. "Kijana, sasa hivi ni giza," aliniambia. "Usingizi gani unaouulizia?"

Walio mbali na ziwa wajue kwamba dagaa huvuliwa kwa taa, usiku usio na mbalamwezi, na mwezi ukishakuwa mkubwa wavuvi hupumzika. Mtu yule yule akiulizwa wakati wa giza, kisha akaulizwa tena wakati wa mbalamwezi, anaweza kutoa alama tofauti kabisa katika swali la usingizi na lile la uchovu linalofuata, bila moyo wake kubadilika hata kidogo. Mvuvi yule nilimwandikia 3. Fomu haikuwa na mahali pa kuandika mwezi ulikuwaje. Swali la saba nalo huuliza kama mtu anashindwa kutuliza akili anaposoma gazeti au kutazama televisheni, na mama mmoja muanika dagaa alinijibu kwamba gazeti yeye hulijua kwa kufungia karanga. Uniwie radhi, Mhariri.

Darasani hatukuyazungumza hayo. Tulikariri fomula ya Yamane ya kukokotoa idadi ya watu wa kuhojiwa, ambayo kwa kosa la asilimia 5 na jamii kubwa hukupa watu wanaokaribia 400, ndiyo maana tasnifu nyingi zina idadi hiyo hiyo. Fomula hukwambia idadi tu. Haikwambii ni nani. Ukiwakusanya 400 wote saa nne asubuhi kwenye mwalo mmoja, umewakosa waliolala baada ya kuvua usiku, walioko visiwani na wagonjwa waliobaki nyumbani, na huenda hao ndio uliowatafuta. Alfa ya Cronbach, namba ya kupima uthabiti wa dodoso, ilipovuka 0.7 tulipongezana, ilhali alfa huonyesha tu kwamba majibu yanakwenda pamoja. Haisemi yanapima nini, na uchovu wa kukesha ziwani nao unaweza kwenda pamoja vizuri sana.

Ombi langu ni kwamba mwanafunzi, kabla ya kufungua programu yoyote ya takwimu, akae na watu kumi wa mwaloni, awasomee kila swali na kuwauliza wamelielewaje. Kisha tafsiri irudishwe kwenye lugha ya asili na mtu ambaye hakuliona dodoso la awali, na alama zilinganishwe na uchunguzi wa mtaalamu wa afya ya akili aliyezungumza na watu hao hao. Kazi hiyo ni ya wiki kadhaa na haihitaji maabara.

Lipo pia swali la tisa, linalouliza kama katika wiki hizo mbili mtu amewaza kwamba ni afadhali afe au ajidhuru. Mama yule wa karanga alinyamaza, akageuza dagaa kwenye chanja, akasema, "Siku chache." Nikaandika 1, nikamshukuru, nikahamia kwa jirani yake. Jumla yake ilikuwa 7, na kwenye jedwali letu aliingia safu ya wasio na sonona. Hakuna aliyekuwa amenifundisha kwamba jibu la swali lile halisubiri jumla, na kwamba mdodosaji anapaswa kuondoka nyumbani asubuhi akijua tayari ni kwa muuguzi gani atampeleka mtu aliyelijibu hivyo.

Mdodosaji wa zamani,
Ilemela, Mwanza.