Ulevi wa mteja wenu msinibebeshe mimi

Kwa Meneja,
Idara ya Madai,
Kampuni ya Bima.

Ndugu Meneja,

YAH: KUKATALIWA MADAI YANGU YA FIDIA BAADA YA KUGONGWA NA DEREVA MLEVI

Nina barua mbili kutoka ofisini kwenu. Ya kwanza inasema kilevi kilichokutwa kwenye damu ya mteja wenu kilikuwa kidogo, hivyo hakiwezi kuhesabiwa kuwa ndicho kilichosababisha ajali. Ya pili, iliyonifikia wiki tatu baadaye, inasema mteja huyo huyo aliendesha akiwa amelewa, amevunja masharti ya bima, na kwa sababu hiyo kampuni haitanilipa. Mtu ni yule yule na usiku ni ule ule. Naomba mniambie mnasimama na barua ipi.

Nilikuwa nimesimama kwenye taa nyekundu. Gari lake lilinigonga kwa nyuma, na barabarani hapakuwa na alama yoyote ya breki. Niliposhuka na kumfuata nilimkuta anahangaika kufunga mkanda. Gari limeshasimama, boneti imejikunja, naye anautafutia mkanda tundu lake, anakosa, anajaribu tena. Harufu ya pombe ilinifikia kabla hajafungua mdomo. Alipoufungua, alisema tuyamalize wenyewe, polisi wa nini. Nilikataa. Nilipiga simu polisi, nikapiga picha magari yote mawili kabla hayajasogezwa, nikaomba namba ya simu ya mama mmoja aliyekuwa anasubiri kuvuka na ambaye aliona kila kitu. Mikono ilikuwa inanitetemeka, picha nyingine zimetoka na ukungu, lakini nilijua kukishakucha atakuwa ameoga na kupumzika, na litabaki neno langu dhidi ya lake.

Damu yake ilichukuliwa karibu saa mbili baada ya ajali. Majibu yalikuwa miligramu 62 za kilevi kwa kila mililita 100 za damu. Shirika la Afya Duniani linashauri kikomo kwa madereva kisizidi miligramu 50. Kilevi hupungua kwenye damu kwa wastani wa miligramu 15 hivi kwa kila mililita 100 kila saa, kwa hiyo saa mbili hizo zilimpunguzia, na kipimo hicho hakiwezi kusomwa kana kwamba kilichukuliwa pale pale kwenye taa. Maafisa wenu wanashughulika na ajali kila siku. Hili wanalijua kuliko mimi.

Sasa niseme kuhusu barua ya pili, ndiyo iliyoniumiza zaidi. Masharti ya bima ni makubaliano kati yenu na mteja wenu. Mimi sikuyasaini. Bima ya mtu wa tatu iliwekwa kwa ajili ya watu kama mimi, walio nje ya mkataba na wasio na namna ya kujua anayekuja nyuma yao amekunywa au hakunywa. Katika nchi nyingi kampuni humlipa kwanza aliyeumia, kisha ikamdai mteja wake aliyevunja masharti. Mdaini. Ana makosa ya kujibu kwenu na mahakamani. Lakini kuninyima matibabu kwa sababu aliyenigonga alikuwa amelewa ni kuniadhibu mimi kwa pombe aliyokunywa yeye.

Mmeandika pia kwamba nilichelewa kwenda hospitali. Nilikwenda kesho yake asubuhi, baada ya kuamka nikashindwa kugeuza shingo kuitazama saa ukutani. Daktari aliandika kwenye cheti kwamba maumivu ya shingo baada ya kugongwa kwa nyuma mara nyingi hujitokeza saa kadhaa au siku moja baadaye. Cheti hicho mnacho. Siku ya tatu, nikiwa bado na kola shingoni, afisa wenu aliniletea hati ya kukiri kwamba nimelipwa na sitadai tena lolote, kwa kiasi kisichofika hata gharama ya picha za mionzi. Daktari alikuwa hajasema nitapona lini. Sikusaini, na hadi leo nashukuru.

Nataka barua ya pili ifutwe kwa maandishi, au mnitajie kifungu cha sheria, si cha mkataba wenu na mteja, kinachowaruhusu kuninyima fidia. Nataka mlipe gharama za matibabu hadi daktari atakaponiruhusu, matengenezo ya gari, na siku za kazi nilizopoteza. Nataka pia nakala ya taarifa ya mtathmini wenu, niliyoiomba mara mbili kwa simu bila kupewa. Kuanzia sasa tuwasiliane kwa barua tu.

Nimeambatanisha taarifa ya polisi, majibu ya kipimo cha damu, cheti cha daktari, picha na risiti. Nakala halisi zimebaki kwangu. Nasubiri majibu ndani ya siku 14. Zikipita, faili hili litakwenda kwa mamlaka inayosimamia kampuni za bima na kwa wakili wangu, likiwa na barua zenu zote mbili.

Wako mwaminifu,

Mdai