Risala ya Wamiliki wa Kampuni Ndogo za Utafiti wa Ulinzi kwa Mgeni Rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa wa meza kuu,
Wanachama wenzetu pamoja na familia zenu,

Karibuni sana. Tunakushukuru, Mgeni Rasmi, kwa kukubali mwaliko wa kikundi kisicho na ukumbi wake wala fedha za kukodi kipaza sauti kizuri kuliko hiki kinachokoroma.

Sisi ni wazungumzaji wa Kiswahili wenye kampuni ndogo za utafiti hapa Marekani. Wengine ni raia, wengine wakazi wa kudumu. Kampuni kubwa kuliko zote humu ndani ina watu 23. Ndogo kuliko zote ina mtu mmoja na nusu. Hiyo nusu ni mhasibu anayekuja kila Alhamisi. Kwa mujibu wa sheria tutaendelea kuitwa wadogo hadi tupite watu 500, kwa hiyo nafasi ya kukua bado tunayo.

Kinachotukutanisha ni SBIR (Small Business Innovation Research), mpango wa serikali kuu wa kulipia utafiti wa kampuni ndogo. Sheria yake ilitiwa saini na Rais Ronald Reagan Julai 1982, baada ya Roland Tibbetts kulijaribu wazo hilo katika National Science Foundation, shirika la serikali linalofadhili sayansi, miaka ya 1970. Idara ya serikali kuu inayotumia zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka kulipia utafiti unaofanywa nje yake hulazimika kutenga fungu kwa kampuni ndogo. Fungu hilo lilianza na asilimia 0.2 ya fedha hizo, leo ni 3.2. Serikali haichukui hisa na haidai riba. Mfuko mnene kuliko yote uko Wizara ya Ulinzi, na ndiyo maana leo tumekualika wewe.

Ukiulizwa fedha hizo zimezaa nini, tunazo hadithi mbili tunazozipenda. Askari wa Marekani waliokuwa Afghanistan mwaka 2002 walipewa kifaa cha mkononi kiitwacho Phraselator: askari anasema sentensi kwa Kiingereza, kifaa kinatoa sauti iliyorekodiwa kwa lugha ya wenyeji. Kilitokana na fedha za SBIR kupitia DARPA, shirika la utafiti la Wizara ya Ulinzi. Ila kilijua kusema tu. Mzee wa kijiji akijibu, kilikaa kimya. Sisi tuliolelewa kwenye lugha mbili tatu tunakionea huruma. Hadithi ya pili ni ya rada ya leza iliyofadhiliwa upande wa ulinzi dhidi ya makombora, ambayo baadaye ilitumika kufuatilia mwendo wa jicho la mgonjwa wakati wa upasuaji wa leza.

Ndugu Mgeni Rasmi, hapo mezani mbele yako kuna kiboksi cha rangi ya kijivu, ukubwa wa kiberiti. Tafadhali kishike. Kimetengenezwa na mwenzetu mmoja na mafundi wake watatu. Kinabandikwa kwenye giaboksi ya helikopta na kusikiliza mtetemo wa beringi, ili fundi ajue imeanza kulika kabla haijavunjika angani. Ule ufa kwenye kona tumeuacha makusudi. Kiboksi cha kwanza kilipasuka hivyo kwenye friji ya majaribio usiku wa manane, na mwenzetu akajua kwamba plastiki aliyoichagua haifai kwa baridi. Majibu ya namna hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya SBIR inayoyatafuta: miezi sita hivi ya kujua kama jambo linawezekana. Hatua ya pili, kwa kawaida hadi miezi 24, ilimpa fedha za kutengeneza kifaa kamili. Kikapimwa, kikafanya kazi.

Baada ya hapo simu zikaacha kulia.

Hatua ya tatu haina fedha za SBIR. Mnunuzi anatakiwa atoe fedha kwenye bajeti yake mwenyewe, na bajeti ya Wizara ya Ulinzi huanza kupangwa kama miaka miwili kabla ya kutumika. Mwenzetu alimaliza kazi mwezi Mei. Afisa aliyeisimamia tangu mwanzo alihamishwa mwezi Julai, na aliyempokea hakuwahi kukiona kifaa. Oktoba mosi mwaka mpya wa fedha ukaanza bila bajeti kupitishwa, na serikali ikawa inaendeshwa kwa azimio la muda la Bunge, ambalo kwa kawaida haliruhusu kuanzisha mradi mpya. Mafundi wawili kati ya watatu wakaajiriwa kwingine. Hatuwalaumu, kodi ya nyumba haisubiri azimio. Watu wa kazi hii hupaita hapo bonde la mauti, na Zaburi tunayoijua husema mtu hupita katika bonde hilo. Wenzetu kadhaa hawajatokea upande wa pili.

Kinachotuuma ni kwamba dawa imo ndani ya sheria. Ofisi yoyote ya serikali kuu inaweza kutupa mkataba wa hatua ya tatu bila kutangaza zabuni upya, maana ushindani ulishafanyika mwanzoni. Lakini tumekutana na maafisa mikataba ambao walisikia habari hiyo kwetu kwa mara ya kwanza, na mmoja alidhani tunataka kumwingiza matatani.

Kuhusu makaratasi tutasema machache. Kulinda taarifa za serikali kwenye kompyuta zetu kuna masharti 110, yaleyale kwa kampuni ya watu wanne na kwa kampuni ya watu elfu kumi. Hatuombi yafutwe, maana adui havutiwi na ukubwa wa kampuni, anavutiwa na michoro iliyomo. Tunaomba gharama yake itambuliwe kwenye mkataba tangu mwanzo.

Tuseme na ya kwetu. Zipo kampuni zilizoigeuza hatua ya kwanza kuwa zao la kila msimu: zinavuna, zinaandika ripoti nzuri, zinapanda tena, na hakuna askari aliyewahi kushika walichotengeneza. Bunge likiwasema, nasi tunapakwa tope hilohilo. Tunaunga mkono vipimo vikali dhidi yao, mradi visimhesabie kosa yule ambaye kifaa chake kiko tayari na mnunuzi ndiye hajaja.

Inawezekana kwenda haraka. Machi 2019 Jeshi la Anga liliita kampuni ndogo New York, zikajieleza jukwaani, na mikataba 51 ikatolewa papo hapo, malipo ya kwanza yakipitia kadi ya benki ya serikali. Kwa upande mwingine, Septemba 30, 2025 muda wa sheria ya mpango huu uliisha kabla Bunge halijakubaliana kuuongeza. Walioko humu wanakumbuka walichowaambia wafanyakazi wao wiki ile.

Ndugu Mgeni Rasmi, maombi yetu ni haya. Afisa anayesimamia mradi akihamishwa, asiondoke kabla hajamkutanisha mrithi wake na kampuni, kifaa kikiwa mezani. Maafisa mikataba wa ofisi yako wafundishwe hatua ya tatu. Sisi tuko tayari kuja kueleza, bila malipo. Na kile kipindi kifupi kabla ya dirisha la maombi kufunguliwa, ambapo tunaruhusiwa kuzungumza moja kwa moja na aliyeandika mada, yaani tatizo ambalo serikali inataka litatuliwe, kiheshimiwe kwa simu kupokelewa. Dirisha likishafunguliwa maswali ni ya maandishi na majibu yanasomwa na kila mshindani, hivyo siku hizo chache kwetu ni dhahabu.

Kiboksi ulichoshika ni chako, ondoka nacho. Mwenzetu anasema betri yake itadumu mwaka mmoja, na namba yake ya simu ameiandika chini.

Tunaomba kuwasilisha.