Barua ya wazi kwa afisa wa lebo za vyakula Mombasa: nipe jibu moja la maandishi

Mheshimiwa,

Assalaam alaikum. Mimi ni mama wa Kisauni, nakaanga kachri za muhogo na kuzitia kwenye pakiti. Barua tatu nimezileta ofisini kwako kwa mkono wangu na zote zikagongwa muhuri wa kupokewa. Sijajibiwa hata moja. Jumatatu iliyopita katoni sita za kachri zangu zilirudi nyumbani kwa tuktuk kutoka dukani, na karatasi juu yake: "Hazina jedwali la virutubisho." Nauli ya tuktuk nililipa mimi. Muhogo na mafuta nilikuwa nimevichukua kwa deni Kongowea, na mwenye deni hangojei jedwali.

Naomba unielewe vizuri: jedwali nalitaka. Nina mteja, mzee wa Mji wa Kale, ana presha, na kila akinunua huniuliza chumvi ni kiasi gani. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Mzee ana haki ya kujua pakiti yangu inamlia kiasi gani katika hizo tano. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya habari za bidhaa anayonunua. Mimi mwenyewe ni mnunuzi, na mamangu ana sukari.

Lakini jedwali hilo linatengenezwa vipi? Hapo ndipo ofisi yako imenizungusha.

Wa kwanza kunihudumia aliniambia ninunue pakiti ya kampuni kubwa, ninakili. Nilinunua. Ilikuwa ya viazi! Viazi si muhogo, na mafuta yao si yangu. Nikiandika nambari za mwenzangu nitakuwa namdanganya yule mzee, na sitafanya hivyo.

Wa pili alisema nipige hesabu. Nilifurahi, nikakaa na daftari na mizani usiku mzima. Gramu 100 za muhogo mbichi zina kilokalori, yaani kipimo cha nguvu ya chakula, 160 hivi, ila ukishaukaanga hesabu hiyo haifai tena, maji yametoka na mafuta yameingia. Kilo 10 za muhogo uliomenywa hunipa kilo 5 hivi za kachri. Gramu moja ya wanga au protini ni kilokalori 4, ya mafuta ni 9, kwa hivyo kila kitu kinategemea mafuta yaliyoingia. Nikapima mafuta ya karai kabla na baada. Yaliyopungua hayakuingia yote kwenye kachri, mengine yamebaki kwenye chujio na kwenye karatasi za kukaushia. Nayo niliyapima. Chumvi pia, kwa sababu wengine huiandika kama sodiamu, ambayo ni sehemu tu ya chumvi, na gramu moja ya sodiamu ni sawa na gramu mbili na nusu za chumvi. Mteja asiyejua hilo ataona nambari ndogo, adhani amesalimika.

Nikaleta hesabu yangu. Wa tatu hakuitazama. Alisema hesabu haikubaliki, ni maabara tu, na kachri za pilipili na ndimu zipimwe peke yake, zile za chumvi tupu peke yake. Bei niliyotajiwa inapita faida yangu ya miezi miwili. Je, nikibadilisha mafuta, napima upya? Hakujua. Hiyo nambari ni ya gramu 100 au ya pakiti nzima? Akaniambia nirudi Alhamisi. Alhamisi hakuwepo.

Nashuku kanuni hizi ziliandikwa na watu waliokuwa wakifikiria viwanda vyenye maabara yao ndani. Huenda nimekosea. Lakini Umoja wa Ulaya, ambao hauna mchezo na chakula, katika sheria nambari 1169 ya 2011 unamruhusu mtengenezaji kupiga hesabu kutokana na viambato vyake. Ikiwa hapa hairuhusiwi, sawa, nitatafuta pesa ya maabara hata kama ni kwa mchezo wa akina mama wa kuchangiana pesa. Nataka tu kuliona limeandikwa.

Mheshimiwa, mwaka jana ulisimama mbele yetu, wafanyabiashara wadogo, ukasema ndani ya mwezi mmoja tutapata mwongozo wa Kiswahili, ukurasa mmoja. Niliyaandika maneno yako siku ile ile kwenye daftari la madeni, ndilo lililokuwa mkobani. Bado yapo, juu ya jina la muuza mafuta. Wasichana wawili niliokuwa nikiwalipa kwa siku wamekaa kwao tangu Jumatatu, na karo ya mwanangu ya muhula huu ilikuwa ndani ya katoni zile sita.

Siombi unisamehe kanuni, wala siombi mkopo. Naomba ukurasa ule. Hesabu inakubaliwa au haikubaliwi, kwa gramu 100 au kwa pakiti, maabara ipi, kwa bei gani, na matokeo yanatumika kwa muda gani. Uwe na sahihi yako, ili nikifika dukani niuonyeshe, na yule wa kwanza, wa pili na wa tatu wasome maneno yale yale.

Niandikie, Mheshimiwa. Ukurasa mmoja tu. Niandikie wiki hii, kabla tarehe ya mwisho iliyo kwenye pakiti hizi haijafika.

Wako kwa heshima,
Mama wa kachri, Kisauni