Barua kuhusu Babu Afande

Nzega

Rafiki yangu,

Salaam sana. Najua habari ulishazipata, ila kwenye simu sote wawili tulishindwa kuongea, ndiyo maana nakuandikia. Babu Afande tumemzika Jumamosi.

Makaburini mzee mwenzake wa jeshini alitaja walikopita kwenye vita dhidi ya Idi Amin: Kyaka, Masaka, Lukaya, mpaka Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979. Vijana walipigwa na butwaa, maana wao walimjua kama fundi baiskeli basi. Sisi tulijua, ingawa habari za kupigana hakuzisimulia. Alisimulia kutembea. Magari hayakutosha, wengi walikwenda kwa miguu, na kule Lukaya barabara inakatisha kinamasi, buti zikilowa hazikauki. Ile hotuba ya Mwalimu ya Novemba 1978, "uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo," Babu akiimaliza alikuwa anaongeza la kwake: "Na miguu tulikuwa nayo."

Mimi naamini ufundi wake ulitoka hapo. Hakuvumilia kuona mtu anakokota baiskeli mbovu juani. Baada ya vita Mwalimu aliomba tufunge mkanda miezi 18, na hali ngumu ikaendelea miaka. Tairi jipya lilikuwa halionekani madukani, naye akawa anashona tairi kuukuu kwa sindano na uzi wa nailoni, kiraka kwa ndani, watu wakarudi barabarani. Na ringi iliyopinda, unakumbuka? Anapindua baiskeli, anazungusha gurudumu, ukucha wa kidole gumba ameuweka karibu na ringi. Inapogusa ukucha, anasimamisha, anakaza spoki kidogo, anazungusha tena. Akitosheka huwezi kusikia kitu.

Wewe alikuzibia pancha asubuhi ya mtihani wa kidato cha nne, akakufukuza ukitafuta hela mfukoni: "Nenda, utachelewa!" Mama yako alipompelekea malipo jioni aliyakataa. Msibani nimesikia visa vya namna hiyo kwa watu ambao hawajuani kabisa.

Banda linaendelea. Kijana aliyemfundisha amelifungua leo, na wateja wameanza kuja.

Nina ombi. Mjukuu wake wa kike anakusanya picha za babu, na nyumbani hakuna hata moja akiwa kazini. Ile mliyopiga bandani bado unayo? Itume, hata kama imefifia.

Wasalimie watoto.

Wako daima