Barua kwa Vijana wa Mombasa Mnaokwenda Kusoma Hisabati

Wanangu,

Assalamu alaykum. Ninawaandikia nyinyi mliopangiwa shahada ya hisabati, iwe mtabaki hapa hapa Tudor, mtavuka daraja la Nyali kwenda Kilifi, au mtapanda treni ya Nairobi. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilisoma shahada hiyo zamani, nikafundisha sekondari zaidi ya miaka 30, na tangu nistaafu sijakosa wageni barazani, kwa sababu kila muhula wa kwanza wa chuo huja kijana mmoja au wawili waliopata A katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, wakakaa mbele yangu na karatasi ya mazoezi wasijue pa kuanzia. Nimeona niwaambie wote kwa pamoja yale ambayo nimezoea kumwambia mmoja mmoja.

Shuleni mmefundishwa kwamba hesabu ni kutafuta jawabu, ukilipata ukalipigia mistari miwili chini, kazi imekwisha. Chuoni mara nyingi jawabu mtapewa tangu mwanzo, limeandikwa ndani ya swali lenyewe, na neno linalofungua swali ni "thibitisha". Hapo kikokotoo hakina msaada. Miezi ya kwanza kalkulasi hufanana na ile mnayoijua, na ndiyo maana wengi hujisahau. Mambo hubadilika linapoingia somo la analisisi, yaani kalkulasi ambayo kila hatua yake sharti ithibitishwe.

Tuchukue jambo moja tulitazame kwa karibu. Andikeni mfuatano 1, 1/2, 1/3, 1/4, na kuendelea. Mwanafunzi wa sekondari atasema nambari hizi zinaikaribia 0, na hatakuwa amekosea. Lakini "kukaribia" ni nini? Nambari hizo hizo zinaikaribia −5 pia, kwa kuwa kila moja iko karibu zaidi na −5 kuliko iliyoitangulia. Basi kwa nini tusiseme kikomo, yaani ile nambari inayokaribiwa, ni −5? Jibu la analisisi limekaa kama mabishano ya barazani. Wewe nitajie kiwango cha kosa utakachokubali, hata kiwe kidogo namna gani, nami nitakutajia hatua ambayo baada yake hakuna nambari itakayokuwa mbali na kikomo kupita kiwango chako. Ukisema 1/100, nitakujibu: baada ya nambari ya 100. Ukisema 1/5000, nitakujibu: baada ya nambari ya 5000. Huwezi kunishinda, basi kikomo ni 0. Lakini nikidai kikomo ni −5, wewe sema 1 tu, nami nitanyamaza, maana hakuna hata nambari moja katika mfuatano ule iliyo umbali wa chini ya 5 kutoka hapo.

Angalieni vizuri nani anatangulia kusema. "Kwa kila mtu, yuko mwanamke aliye mama yake": hilo ni kweli. "Yuko mwanamke ambaye, kwa kila mtu, ndiye mama yake": hilo si kweli, ingawa maneno ni yale yale na kilichobadilika ni mpangilio tu. Mkigeuza hivyo maelezo ya kikomo, yaani hatua itajwe kwanza na kiwango cha kosa kifuate, mtakuwa mnasema kwamba kutoka mahali fulani nambari zote ni 0 hasa, na 1/n haiwi 0 kamwe. Nusu ya machozi niliyoyaona barazani kwangu yalitokana na kuchanganya "kwa kila" na "kuna". Wala msijione wajinga. Leibniz alichapisha makala yake ya kwanza ya kalkulasi mwaka 1684, Cauchy akatoa kitabu chake cha analisisi mwaka 1821, na hata baada ya hapo ilibidi Weierstrass aje kuyakaza maneno. Jambo lililowashughulisha wanahisabati wakubwa kama hao zaidi ya karne moja, nyinyi mnatakiwa mlielewe kwa wiki tatu.

Sasa nije kwenye kosa ambalo sisi watu wa pwani tuko karibu nalo zaidi. Tumelelewa kuhifadhi, na kuhifadhi ni neema. Lakini mwaka wangu wa kwanza niliupeleka uwezo huo mahali sipo. Nilijifunza kwa ghibu uthibitisho wote uliokuwa kwenye daftari, herufi kwa herufi. Katika mtihani likaja swali ambamo nadharia niliyoijua ilikuwa imeondolewa sharti moja, tukatakiwa tuonyeshe ni wapi inavunjika. Mimi nikaandika uthibitisho wangu kamili, kwa mwandiko mzuri kabisa, nikathibitisha jambo ambalo swali lenyewe lilikuwa limekwisha kusema si kweli. Nilipata sufuri, na ilikuwa haki yangu.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nimekwisha kufundishwa vinginevyo utotoni. Maalim wetu wa madrasa alipotusomesha mirathi alitupa mas-ala ya mwanamke aliyefariki akaacha mume na dada wawili wa baba na mama mmoja. Mume ana 1/2, yaani 3/6, dada wana 2/3, yaani 4/6. Ukijumlisha unapata 7/6, zaidi ya mali yenyewe. Kwa kanuni ya awli, asili ya 6, yaani idadi ya mafungu ya mali, hupandishwa ikawa 7, mume akapata 3/7 na dada 4/7. Tungeweza kuishika hiyo 7 tukaenda zetu, lakini yeye alituuliza: ni kipi ambacho hakikubadilika? Akangoja mpaka mmoja wetu akaona kwamba 3 kwa 4 ya kabla ndiyo 3 kwa 4 ya baada, kila mtu amepunguziwa kwa kadiri ya fungu lake.

Kwa hivyo mkisoma uthibitisho, fungeni daftari, ondoeni sharti moja, kisha mtafute mstari unaoanguka. Usipouona mstari huo, bado hujaelewa. Someni watatu au wanne, si kumi, na mmoja aeleze kwa sauti huku wengine wakimkatiza. Suluhisho la kwenye simu liacheni mpaka muwe mmekwama jioni mbili.

Wazazi nao wana swali lao: atakuwa nani? Nitasema bila kupamba. Hisabati peke yake huchelewa kulipa. Anayetaka bima, benki au kazi za takwimu aanze mwaka wa pili kujiongezea takwimu na uandishi wa programu za kompyuta. Na anayetaka kufundisha ajue kwamba mwenye shahada ya sayansi isiyo na ualimu huhitaji kuongeza stashahada ya uzamili ya elimu ndipo asajiliwe na TSC, Tume ya Huduma za Walimu.

Lakini mama akiuliza inahusu nini, mpelekeni ufukweni. Maji yanayovutwa na mwezi hujaa kila baada ya saa 12 na dakika 25 hivi, yale ya jua kila baada ya saa 12. Ya mwezi huchelewa kama dakika 50 kwa siku, na baada ya siku zipatazo 15 huwa yamechelewa mzunguko mzima, yakakutana tena na ya jua. Yakikutana ni bamvua, yakipingana ni maji mafu. Mvuvi anaijua hesabu hiyo kwa macho. Nyinyi mtaikuta darasani kama jumla ya mawimbi mawili.

Nawaachia kazi moja ya kuondokea nayo. Katika harusi yoyote, hata ya wageni elfu, wahesabuni wale waliopeana mikono mara witiri: 1, 3, 5 na kadhalika. Idadi yao daima ni shufwa. Atakayekuja kuniambia kwamba amejaribu katika harusi tatu na ikawa kweli, nitampa kahawa nimrudishe kwao. Mimi nataka sababu. Nipo barazani kila siku baada ya alasiri, isipokuwa Ijumaa.