Vijana wasaidiwe hesabu za michanganuo

Mhariri,

Naomba nafasi niwahimize vijana wa mikoani washiriki mashindano ya michanganuo ya biashara. Tangu mwaka 2015, Taasisi ya Tony Elumelu ya Nigeria hutoa mafunzo na mtaji wa dola 5,000 za Marekani, usiorejeshwa, kwa wajasiriamali wa Afrika nzima. Kuomba ni bure. Anayekudai ada ya fomu ni tapeli.

Wengi huangushwa na hesabu, si wazo. Kijana wa Njombe anajaza kurasa kuhusu mafuta ya maparachichi na ajira kwa taifa, lakini haonyeshi kilo atainunua bei gani msimu ukiisha, zitatoka lita ngapi za mafuta, chupa na lebo ni shilingi ngapi, na mnunuzi ni nani. Jaji hawezi kukisia hayo.

Nawaomba maofisa maendeleo ya jamii na wenzao wa SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, wakae na vijana hata siku moja kwa mwezi, kikokotoo mezani, wapitie andiko mstari kwa mstari. Walimu wa biashara wa sekondari nao wahusishwe. Dirisha la maombi ya Taasisi ya Elumelu hufunguliwa Januari, hivyo kazi hiyo ianze mapema.

Msomaji wenu,
Makambako