Kabla hujakimbilia unesi wa miezi 16, uliza mkopo ni wa nani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niongee na wenzangu tulioko huku Marekani, hasa wale wenye digrii tayari, iwe ya hapa au ya nyumbani, na sasa wanataka kuingia unesi kwa ile njia ya haraka, ABSN, ya miezi 11 mpaka 18. Kila mara kuna mtu ananipigia simu na swali la kwanza ni lile lile, dada, ipi inaisha mapema? Hela zitatoka wapi hakuna anayeuliza mpaka barua ya kukubaliwa ishafika na kianzio cha kushika nafasi kishalipwa. Mi mwenyewe sikuuliza, ndo maana naandika.

Kozi hizi sizipingi. Nimepita huko, leseni ninayo, nafanya shifti za usiku wodini na kazi yangu naipenda sana. Lakini mtihani wa leseni, NCLEX-RN, ni mmoja tu, wa aliyesoma miezi 16 na wa aliyesoma miaka miwili komyuniti koleji, na leseni ya RN, yaani nesi aliyesajiliwa, inayotoka ni ile ile, mgonjwa akibonyeza kengele saa tisa usiku hakuulizi ulisomea wapi. Ni kweli hospitali nyingi kubwa zinataka BSN, yaani digrii ya kwanza ya unesi, ila wa komyuniti koleji anaweza kuimalizia hiyo BSN kwa intaneti huku anafanya kazi, na waajiri wengine wanamchangia ada. Hii habari wengi wetu hatuisikii manake anayetupigia simu kila siku ni mtu wa udahili wa chuo cha bei mbaya.

Sasa tuje kwenye pesa. Nakumbuka nimekaa ukingoni mwa kitanda, simu mkononi, nimefungua ile barua ya msaada wa fedha ya chuo, juu kabisa imeandikwa jumla ya msaada na ile jumla inakaribia kabisa kulingana na ada yote, nikashusha pumzi nikasema Alhamdulillahi. Sikushuka chini kusoma mstari kwa mstari. Ningeshuka ningeona skolashipu ni mstari mmoja mdogo, mikopo ya serikali mistari miwili, halafu wa mwisho, uliokuwa mkubwa kuliko yote ukijumlisha, ni mkopo wa benki ambao nilitakiwa nikautafute mwenyewe. Na huo nao waliuita msaada! Nilipopiga simu kuuliza nikaambiwa usijali, wanafunzi wetu wote wanafanya hivyo.

Kwa nini inakuwa hivyo? Ukishakuwa na digrii ya kwanza, hata kama uliipatia nje ya Marekani, Pell Grant, ile ruzuku ya serikali isiyorudishwa, hupati tena. Unabaki na mkopo wa serikali unaoombwa kwa FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa masomo, na ABSN inahesabiwa kama digrii ya kwanza nyingine, kwahiyo anayejitegemea mwisho wake ni dola 12,500 kwa mwaka wa masomo na jumla yake haivuki dola 57,500, na kwenye hiyo 57,500 wanahesabu na lile deni la serikali la digrii ya zamani ambalo hujamaliza kulipa. Yaani kama bado unadaiwa 30,000 za nyuma, imebaki 27,500 tu, na huwezi kuichukua yote kwa mkupuo mmoja. Halafu kozi ya ada ya 60,000 au 70,000 inaisha kwa mwaka na kitu. Lile pengo la katikati ndo benki binafsi zinapoingilia. Na aliyekuja na viza ya mwanafunzi hata huo wa serikali hapati, kwake karibu yote ni benki.

Sasa angalia tofauti yake. Mkopo wa serikali wa digrii ya kwanza uliotoka kati ya Julai 2025 na Juni 2026 una riba ya 6.39%, haipandi. Wa benki inategemea historia yako ya mikopo, na sisi wageni wengi historia hiyo ni fupi. Chukua dola 40,000 za kulipa kwa miaka 10: kwa 6.39% ni kama dola 452 kwa mwezi, kwa 12% ni kama 574. Ukifika mwisho ile ya pili umelipa karibu 69,000 kwa kitu cha 40,000. Na ukikwama, wa serikali una mipango ya kulipa kulingana na kipato, pia ukifanya kazi hospitali ya serikali au isiyo ya faida unaweza kusamehewa baki baada ya malipo 120 yanayokubalika, ile PSLF. Wa benki haumo humo kabisa. Kuna Nurse Corps pia, mpango wa serikali, inalipa 60% ya deni la masomo ya unesi ukitumikia miaka miwili kwenye vituo vyenye upungufu mkubwa, ila wanaoomba ni wengi na si wote wanapata, usiiweke kwenye bajeti kana kwamba ishaingia mfukoni.

Kuna wanaoniambia basi wataruka waende moja kwa moja masters ya kuingilia unesi, huko serikali inakopesha zaidi. Ilikuwa hivyo. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 imefuta Grad PLUS, ule mkopo mkubwa wa serikali wa wanaosoma masters na kuendelea, kwa wanaoanza kukopa kuanzia Julai 1, 2026, na kikomo cha kawaida cha masters sasa ni dola 20,500 kwa mwaka. Ushauri wa mtu aliyemaliza miaka mitatu iliyopita angalia usikuingize shimoni.

Hoja ya kozi ya haraka ni kwamba unaanza mshahara mapema, na ni hoja nzito, mshahara wa kati wa RN nchi nzima Mei 2024 ulikuwa dola 93,600 kwa mwaka. Kwa mtu asiye na deni la zamani, aliyepata kozi ya chuo cha umma ya bei ya chini na ana akiba ya kodi ya nyumba, mi namwambia nenda, usichelewe. Ila piga hesabu na upande wa pili. Kwenye kozi ya haraka kliniki, madarasa na mitihani vimebanana hivi kwamba vyuo vyenyewe vinakuambia usifanye kazi, hivyo hiyo miezi 16 kipato ni sifuri na kodi inaendelea, chakula kinaendelea, na watu nyumbani wanaendelea kukutegemea. Mi niliihesabu ada peke yake. Zile gharama za kuishi ndizo zilizonirudisha benki mara ya pili.

Na mara hiyo ya pili walitaka mdhamini. Shemeji yangu, mume wa dada, alisaini bila kuuliza swali hata moja, alisema soma mdogo wangu, unesi ni wa familia nzima. Mwaka uliofuata wakaenda kuomba mkopo wa nyumba, na lile deni langu likatokea kwenye ripoti yake kama deni lake, wakaambiwa madeni ni mengi kuliko kipato. Sijachelewa kulipa hata mwezi mmoja, lakini deni liko pale kwa jina lake. Hajawahi kunilaumu. Bado wanakaa kwenye ile apatimenti ya vyumba viwili na watoto watatu, na mimi kila mshahara ukiingia natoa kwanza hela ya mkopo wenye jina lake, wa serikali unafuata.

Msomaji wenu,
Nesi wa usiku, Marekani